Kidokozi na Hukumu ya Mgongo wa Nyati

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nani?"

"Pakawa Nyati na kupe wake. Haya, tupe!"

Basi alikuwako Nyati, bwana mkubwa, mgongo mpana, roho finyu. Ndege walimfanyia kazi ya kumtoa kupe, do, do, do, asubuhi mpaka jioni. Kiongozi wao alikuwa Kidokozi, ndege mdogo wa kujaa kiganjani tu.

Msimu wa kutaga ukafika. Kidokozi akaomba manyoya machache ya kutandika kiotani, mayai yasije yakalala kwenye vijiti vikavu. Nyati akasema hata unyoya mmoja hatoi. Akaombwa tena. Hata unyoya mmoja. Kidokozi roho ikamuuma, maana mayai yenyewe yalikuwa njiani. Akapiga mluzi, ndege wote wakaruka, purrr! Mgomo.

Nyati akakimbilia kwa Hakimu Kobe. Kobe akatoa shingo taratibu, akauliza kama wafanyakazi walitoa notisi kabla ya kugoma. Hawakutoa. Basi mgomo ni batili, akasema, na adhabu ni ama onyo, ama kufukuzwa. Mwajiri aseme anataka ipi.

Kidokozi akajitupa chini, akalia machozi ya uongo.

"Mheshimiwa, tufunge, tunyonyoe mabawa. Ila usitufukuze, na usitukataze kukanyaga eneo la kazi!"

"Hilo hilo ndilo ninalolitaka," akasema Nyati. "Wafukuzwe, na wasikanyage milele."

Kobe akagonga kigogo, ko! Ikawa hukumu. Na eneo la kazi, jamani, ni mgongo wa Nyati mwenyewe.

Kupe wakaja. Wakanyonya, wakavimba. Nyati akawashwa hadi akasahau kula. Akawa anajisugua mtini, kwaru kwaru, kwaru kwaru, manyoya yakabaki kwenye gome mafungu mafungu. Kidokozi akayazoa yote. Mti si eneo la kazi, ati. Akatandika kiota, akataga.

Siku moja Nyati akaja chini ya kiota kubembeleza. Warudi tu, manyoya wachukue watakavyo.

Kidokozi akamchungulia, amekalia mayai yake. "Bwana, sheria tumeshaivunja mara moja. Mara ya pili hatuthubutu."

Akarudi kuatamia, na huko chini kwaru kwaru ikaanza upya.

Basi nanyi mnaonisikiliza, mwogopeni mwajiri, toeni notisi, msigome ovyo. Mmeona wale ndege walivyokomeshwa. Ngano yangu naitua hapa, anayewashwa ajikune.