Jina la Dada Kwenye Kesi ya Shamba

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa na kesi ya ardhi. Simpi jina, maana nikimpa mtaanza kugeuka nyuma kumtafuta kwenye mabenchi haya.

Baba yake alifariki akaacha shamba la migomba na kahawa, shamba la mtu kukaa akatulia. Lakini jirani wa upande wa juu aling'oa alama za mpaka, akaingia ndani hatua arobaini, akapanda miti yake. Yule bwana akaenda baraza la ardhi kufungua kesi. Kwenye fomu, pale palipoulizwa warithi wa marehemu, akaandika jina lake, kisha chini yake akapiga mstari.

Je, alikuwa peke yake? Hakuwa. Alikuwa na dada, baba mmoja, mama mbalimbali. Huyu nampa jina kwa makusudi, kwa kuwa kaka yake alilificha: aliitwa Kokushubila. Aliolewa mbali, mwendo wa siku nzima. Siku ya msiba wazee waliuliza, "Binti yuko njiani?" Kaka akawajibu, "Simu yake haipatikani." Hakuwa amempigia hata mara moja.

Kesi ikaitwa. Wakili wa jirani akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, marehemu aliacha watoto wawili. Mmoja hayumo kwenye kesi hii."

Mwenyekiti akamtazama yule bwana. "Ni kweli?"

"Yupo, mheshimiwa, ila alishaolewa."

"Sikuuliza kama ameolewa. Nauliza, ni mtoto wa marehemu?"

"Ni mtoto wake."

"Basi aunganishwe kwenye kesi. Nakupa siku thelathini. Zikipita hajaja, naiondoa."

Ndugu zangu, kuanzia siku hiyo yule bwana hakukaa. Anaanza kula, anaacha katikati. Anatoka kwenda shamba, anafika nusu ya njia, anarudi. Anamsalimu mtu, kabla hajaitikiwa ameshapita. Mkewe akamwuliza, "Unaogopa nini? Si dada yako?"

Akasema, "Akiingia kwenye kesi, ataingia na kwenye shamba."

Basi akaenda kwa mchapaji akachapisha karatasi mbili. Ya kwanza ilisema Kokushubila anaomba kuunganishwa kwenye kesi. Ya pili ilisema Kokushubila, kwa hiari yake, amemwachia kaka yake sehemu yake yote. Akazikunja pamoja, akazitia mfukoni, na bado akachelewa kuondoka. Ilipofika siku ya ishirini na sita ndipo akasafiri.

Alimkuta dada yake uani akigeuza mahindi juani. Kokushubila alipomwona alitupa ungo, akamkimbilia, akamkumbatia. Akamletea kiti, akamletea maji ya kunawa na chakula. Bwana hajameza hata tonge, dada akauliza, "Na baba hajambo? Kile kifua kimepoa? Mwaka wa pili huu nikipiga simu yake haiiti. Nikasema, mzee atakuwa ameiangusha tena kwenye maji."

Mmesikia alichouliza?

Yule bwana akainamisha kichwa. "Baba tulimzika, dada."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa tano."

Kokushubila akakaa chini, palepale juu ya mahindi. Akapiga ukelele, majirani wakaja mbio. Wanawake wakamshika. Kaka mtu akasimama, akakaa, akasimama tena. Akaangalia jua. Gari la mwisho lilikuwa karibu kupita. Na wapendwa, mniamini, mtu yule aliingiza mkono mfukoni akazitoa zile karatasi.

"Dada, ni za kesi ya shamba. Siku zinakwisha."

Dada akainua uso uliolowa. "Kaka, umekuja kunipa habari ya msiba, au umekuja kuchukua sahihi?"

Kaka akamsogezea karatasi. Kokushubila akaomba kalamu, akatia sahihi ya kwanza, akatia ya pili, akamrudishia. Hakusoma hata mstari mmoja.

Karatasi ya kwanza aliiwahisha barazani, na kesi akaishinda. Jirani aliamriwa kutoa miti yake na kurudisha mpaka. Watu wakaja kumpongeza yule bwana, naye akawashukuru huku anaangalia njia. Ile karatasi ya pili aliifungia kwenye sanduku, na kila siku mbili tatu alifungua kuona kama ipo. Shamba zima lilikuwa lake, na hakupata nafasi ya kukaa ndani yake.

Asubuhi moja akasikia sauti mlangoni mwa shamba. Mwanamke amesimama nje, kitenge kimefungwa kiunoni, mguu wake haujavuka.

"Hodi wenyewe," akasema Kokushubila. "Naomba ruhusa nikaone kaburi."

Sasa niambieni, angejibu nini? Angesema karibu? Karibu huambiwa mgeni. Angenyamaza? Basi amemfukuza mtoto kwenye kaburi la baba yake. Alijisogeza pembeni tu, dada akapita.

Alikaa kaburini muda mrefu. Aliporudi, kaka yake alikuwa bado amesimama palepale.

"Dada, ile karatasi ya pili. Unajua ilisema nini?"

"Nilijua," akasema. "Kesi ingetaka sahihi moja, wewe ukaleta karatasi mbili, na ulikuwa unakaa, unasimama. Nikasema nikupe, labda utatulia. Je, kaka, umetulia?"

Akasema, "Hapana." Akaanza kulia kama alivyopaswa kulia siku ile uani. Jioni hiyo wazee wa ukoo waliitwa. Akaichana ile karatasi mbele yao, na kesho yake shamba likapimwa, likawa la wawili.

Sasa tumwache, tuje kwetu. Sisi tunaomba amani kila Jumapili. Tunafunga, tunakesha, tunawaomba wachungaji watuwekee mikono, na amani haiji. Tumejiuliza kwa nini? Kuna mtu tumempigia mstari. Kuna mtoto wa Baba ambaye tulipoulizwa habari zake tulisema, "Alishaolewa," "Mama yake ni mwingine," "Huyo si wa kanisa letu." Tena tukimhitaji tunajua kumfuata, karatasi mfukoni. Na Baba mwenyewe je? Ni lini mara ya mwisho tulimwendea bila kitu cha kumtaka atie sahihi?

Tusimame. Tunaenda kusema "Baba Yetu". Hilo "yetu" lina majina mangapi kinywani mwako? Ndugu yangu, kabla hujalitamka, mtaje kimya kimya yule uliyemwacha nje.

Mtaje. Tutakusubiri.