Mto Uliopewa Jina la Wazimu

Wahenga hawakubwabwaja waliposema kwamba neno likishakaa vinywani mwa watu lina mwenyewe: ama lipo, ama liko njiani. Ithel, mfugaji wa kondoo katika milima ya Wales, hakulisadiki hilo hata chembe.

Chini ya nyumba yake ulipita mto mwembamba uitwao Wyllt, yaani Mwenye Wazimu. Kiangazi mbwa aliuvuka bila kulowa tumbo. Ithel aliupenda kama mtu ampendavyo mdogo wake, kwa kuutania.

"Wazimu gani huu, Mama? Huyu hata kusimama hawezi."

Mama yake, Bi Modlen, alicheka naye, ila akamjibu, "Waliompa jina walimwona siku ambayo wewe hukuwepo, mwanangu."

Siku ya kunyoa kondoo ikafika, majirani wakaja kusaidia kama ilivyo desturi. Zizi la mawe la mababu lilikuwa juu mlimani, na kulifikia ni kuhema. Ithel akaona tabu ya nini. Akawafungia kondoo wote kwenye malisho ya kando ya mto, penye njia ya gari, na mashine yake mpya ya kunyolea akaiweka papo hapo. Na kondoo wale hawakuwa wa kununulika sokoni. Kila jike alifunzwa na mamaye mipaka ya mlima usio na uzio. Wakipotea hao, kondoo wageni watakaonunuliwa watatangatanga tu, na shamba limekwisha.

Watu walikuwa ndani wakinywa chai kwanza. Uani jua liliwaka, lakini kileleni wingu lilikuwa jeusi kama chungu. Bi Modlen akatua kikombe. Alisikia mawe ya mtoni yameanza kugongana.

"Ithel, fungua lango."

"Mama, tumehangaika kuwakusanya tangu alfajiri."

"Fungua, baba. Mto unakuja."

Sauti hiyo haikuwa ya kubishiwa. Ithel akatoka mbio, majirani nyuma yake. Maji yalimfika magotini alipolivuta lango, na kondoo wakapanda mlima wenyewe, kila mmoja kwao. Punde mto ukashuka ukiviringisha mawe, mashine mpya ikaenda nao. Ithel alisimama mlimani akalia, wala hakujificha.

Jirani yake, Tudful, alimfuta tope begani, akamwuliza taratibu, "Ndiye huyu asiyeweza kusimama?"

Watu wakaangua kicheko, na Ithel akacheka na machozi yake.

Maji yalipopungua walikwenda kuwanyolea kondoo kwa mikasi kwenye zizi la juu. Njiani, Ithel alipopita ukingoni mwa mto, alivua kofia, akauamkia mto kwa jina lake, bila mzaha. Kweli, lisemwalo lipo, na kama halipo laja.