Mawe Yaliyoshikilia Hema

Ndugu zangu, sikieni habari ya watafiti waliopiga kambi katikati ya mbuga. Walitafuta zana za mawe, zile ambazo watu wa kale walichonga kabla chuma hakijajulikana. Kila alfajiri walikwenda mbali, makorongoni. Kila jioni walirudi na vumbi. Na kama wangerudi mjini mikono mitupu, kazi yao ingefungwa kabisa.

Asubuhi ya mwisho lori lilikuja kuwachukua.

"Mama, tukunje hema?" mpishi wa kambi alimuuliza kiongozi wao.

"Kunjeni. Na mtu asiniulize tumepata nini."

"Tumepata mafua, Mama. Hayo hatunyang'anywi!"

Mama hakucheka. Aliinama kwenye pembe ya hema, akashika jiwe lililozuia turubai lisipeperuke, akainua mkono alitupe. Mkono ukakataa. Jiwe lilikaa kiganjani sawasawa. Kidole gumba kikapata mahali pake. Akaligeuza. Makali yake yalikuwa yamechongwa huku na huku.

"Mama, nge amekuuma?"

"Nyamaza! Haya mawe mliyatoa wapi?"

"Hapo nyuma ya jiko, siku ya upepo. Tulichagua yanayoshikika vizuri."

"Yanayoshikika vizuri!" Mama alipiga kelele, machozi na kicheko pamoja. "Na nani aliyafanya yashikike vizuri?"

Wakakimbia nyuma ya jiko, mahali walipomwaga maji ya vyombo. Ardhi yote ilikuwa imejaa zana! Mpishi akacheza. Mama akacheza. Lori likarudi mjini tupu, maana kazi ndiyo kwanza ilianza.

Mnacheka? Chekeni, lakini niambieni: sisi tumemtumia nani hivyo, bila kumtazama? Nani tumemweka pembeni ashikilie mambo yetu, kwa sababu tu yuko karibu na halalamiki? Mungu amemchonga mtu kwa mkono wake mwenyewe, sisi tunamfanya kizuizi cha turubai!

Miezi mingi kwaya yetu inaomba ipate mwimbishaji. Tumeulizia mpaka mitaa ya jirani. Na kila Jumapili, wanakwaya, mnamwachia watoto dada yule wa benchi la nyuma, mpate kuja mbele kuimba. Hamjajiuliza kwa nini watoto hawalii? Anawaimbia! Nimesimama mlangoni nikamsikia.

Akina mama, nendeni mkachukue watoto wenu.

Dada, njoo mbele. Wimbo wa leo unauanzisha wewe.