Liwali na Nyumba ya Mwanakheri

Palikuwa na Liwali aliyeamini kwamba faida ya raia ni deni la serikali. Akatoa amri: auzaye nyumba kwa bei inayozidi aliyonunulia, nusu ya faida ni ushuru, isipokuwa nyumba ambayo mwenyewe aliifanya makazi, hiyo imesamehewa.

Mwanakheri, msusi wa mikeka, akauza yake. Aliishi humo tangu kuolewa hadi kufiwa na mume, kisha akahamia shamba kumuuguza mamaye. Fedha ile ndiyo ingenunua kiwanja alichokaa mama huko, kabla mwenye kiwanja hajawatimua. Kesho yake akaitwa barazani. Akaja na jembe begani.

"Nusu ya faida, Bi Mwanakheri," alisema Liwali.

"Ni makazi yangu, Bwana Liwali."

"Yalikuwa! Ulipohama uliipangisha. Nyumba iliyopangishwa ni bidhaa, na bidhaa haina msamaha."

Mwanakheri akaipima hoja ile kama apimavyo ukili wa mkeka, akaona imekazwa upande mmoja tu.

"Nilimpangisha nani?"

Wazee wa baraza wakainama. Mji mzima ulijua: kasri lilipoanza kupakwa chokaa, Liwali alihamia kwa Mwanakheri "kwa wiki moja tu". Wiki hiyo ilikula miaka mitatu.

"Mimi," akasema Liwali.

"Basi nakubali, sheria ni sheria. Palipo na mpangaji pana pango la nyumba. Nilipe la miaka mitatu, nami nitakukabidhi nusu yako papa hapa."

Liwali akakohoa. Hesabu aliijua: pango lingeumeza ushuru na kumbakisha na deni.

"Pango gani? Tulipatana lini? Shahidi nani? Liwali hapangi nyumba katika mji wake! Nilikuwa mgeni wako."

"Mgeni?"

"Mgeni!"

"Wazee, mmesikia?"

"Wasikie, na wasiosikia waambiwe!"

"Na mgeni, Bwana Liwali, hulazwa dukani kwenye bidhaa, au nyumbani kwa mtu?"

Liwali akawatazama wazee.

"Nyumbani," akasema.

"Basi msamaha ni wangu." Mwanakheri akalishusha jembe, akalilaza miguuni pake. "Limebaki lako. Mgeni ni siku mbili, bwana, nawe umekaa miaka mitatu. Inuka twende, muhogo wa mama umejaa magugu."