Fisi na Ndago Nono

Mwaka huo mvua iliisusa nchi ya wanyama. Mito ilikauka, ikabaki chemchemi moja tu chini ya mkuyu mkubwa, na mkuyu ulikuwa wa Mfalme Simba. Kila kitu kizuri kilikuwa cha Mfalme Simba. Hata ukame angeudai, kama ungekuwa na sifa yoyote.

Simba alikuwa na kero moja. Kivuli cha mkuyu kilikuwa kizito mno, hapakuota kitu. Siku moja Twiga alipita akacheka, "Mfalme mzima analala vumbini kama kuku!" Simba akakosa usingizi. Akatangaza, "Atakayenitengenezea bustani hapa kivulini atakunywa chemchemini kila siku, yeye na watoto wake. Wengine mtasubiri mpaka nishibe." Na kushiba kwa Simba wote walikujua.

Akajitokeza Digidigi, mama ambaye maziwa yalimkauka kwa kiu na mtoto alikuwa akilia. Alileta mashina ya ndago, lakini si lile gugu linalowatesa wakulima. Hii ilikuwa na majani membamba yenye mistari myeupe. Juani huungua, kivulini penye unyevu hung'aa. Akayagawa mashina, akayapanda, na chini ya mkuyu kukapendeza. Simba akawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake. Mtoto wa Digidigi akaanza kurukaruka.

Kila asubuhi Digidigi alikagua bustani. Mara mojamoja lilichipuka jani nene la kijani kitupu, lisilo na mstari. Hilo alilichimba pamoja na viazi vyake vidogo vya udongoni, akalitupa.

Fisi aliyaona hayo, ulimi nje. Kwake yeye, kunenepa kulikuwa ndiyo dini.

"Bi Digidigi, mbona unatupa yaliyoshiba na kulea yaliyokonda?"

"Bwana Fisi, haya yaliyoshiba yakiachwa yatawameza wenzao, bustani yote igeuke ile ndago ya kutesa wakulima."

Fisi akaenda moja kwa moja kwa Simba. "Mfalme wangu, naona hata aibu kusema. Yule mama anaiua bustani yako kwa njaa! Kila linalonenepa analing'oa. Amekonda mwenyewe, anataka na mali yako ikonde. Nipe mimi, uone unene wa kifalme."

Simba akakitazama kitambi chake, akaona hoja ina uzito. Digidigi akafukuzwa.

"Mfalme, mwanangu atakunywa nini?"

"Muulize Fisi. Ndiye mtunza bustani sasa."

"Hapa pamejaa," akasema Fisi, huku akinywa.

Digidigi akalia mbele ya wote. Hakuna aliyemtetea, maana kila mmoja alikuwa na kiu yake.

Ukulima wa Fisi ulikuwa kunywa maji na kulala. Majani ya kijani yakachipuka, yakatanuka, naye akayasifu kila alipoamka. Yale ya mistari yakafunikwa yakafa. Simba, kwa majivuno, akamwita Twiga aje aone. Twiga akainamisha shingo, akatazama sana.

"Hongera, Mfalme. Umepanda magugu."

Wanyama wakaangua kicheko. Simba akanguruma, "Fisi! Mistari yangu iko wapi?"

"Imo ndani, Mfalme. Majani yameshiba mpaka haionekani."

Simba akainua kucha. Hapo Sungura akaruka katikati. "Mfalme, usijichafue bure. Kosa dogo, adhabu ndogo. Aing'oe tu hii ndago, kisibaki hata kiazi kimoja udongoni. Akimaliza, arudi chemchemini."

"Ndivyo nilivyokuwa nataka kusema," akasema Simba.

Fisi akapiga magoti kwa furaha. "Ahsante, ndugu yangu Sungura! Jioni tutakunywa pamoja." Waliowahi kushika jembe wakageuka pembeni, wasionekane wakicheka.

Digidigi akaitwa tena. Alitafuta mpaka akapata shina moja lenye mistari, akalipanda upande wa pili wa chemchemi, na safari hii mwanawe alikunywa kabla ya mfalme. Fisi yeye hulamba umande alfajiri, kisha hurudi kuchimba. Aking'oa ndago moja, viazi vyake vingine viko chini vinachipua.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.