Surua na Mwiba wa Kalunguyeye

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu au ya vifaranga? Paukwa!

Pakawaaa!

Pakawa nini? Pakawa kijiji chenye adabu kupita kiasi, pakawa na mgeni asiye na adabu hata chembe. Kunjeni miguu, hadithi ipite katikati.

Hapo kale, kale ya kale, milima ilipokuwa bado inafundishwa kukaa kimya, wanyama wa Mbugani walikuwa na desturi moja: hodi haiachwi bila kujibiwa. Ukipiga hodi, unakaribishwa. Ukipiga hodi kwenye kichuguu, mchwa wanakukaribisha. Siku moja upepo uligonga mlango wa Mzee Kiboko, mkuu wa kijiji, naye akauandalia chakula. Upepo haukula. Kiboko akanuna siku mbili.

Ng'ambo ya kilima aliishi Surua. Alikuwa mrefu, mwembamba, macho mekundu, vidole sita kila mkono, na shuka jekundu lililojaa vipele. Kila kiangazi alishuka akiimba:

Hodi hodi wenye mji,
mgeni wenu kafika,
sitaki ugali, uji,
mwana ndiye namtaka!

Akikaribishwa, aliingia na kumkumbatia mtoto. Homa ikapanda. Macho yakawaka. Vipele vikamea mwili mzima. Watoto wengine walipona. Wengine hawakupona.

Mama Ngiri alimpoteza binti yake kiangazi kilichopita. Sasa alibaki na mmoja tu, Kipute.

"Huyu hamchukui," alisema Mama Ngiri. "Hata ikibidi nimkalie."

"Mama, usinikalie," alisema Kipute.

Wanyama wakaketi barazani. Kima alikuwa juu ya mkuyu, kwa maana Kima alijua kila kitu, na aliyejua kila kitu hakupenda kukaa chini na wenzake.

"Rahisi!" alisema Kima. "Akipiga hodi, msijibu."

Surua akaja. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Kiboko akauma ulimi. "Hodi!" Kiboko akatoka jasho, mashavu yakavimba, macho yakamtoka, na mara akapasuka: "Karibu ndani, mwanangu, na samahani kwa kukuchelewesha!"

Surua akaingia. Watoto wanane wa swala wakalala na homa. Kipute alinusurika kwa sababu mama yake alikuwa amemkalia.

Wakaketi tena barazani.

"Rahisi zaidi!" alisema Kima. "Wapakeni watoto madoa ya masizi. Surua akiyaona, atadhani ameshapita."

Wakapaka. Wakapaka nyani, wakapaka nguruwe, wakapaka kobe juu ya gamba. Pundamilia walipopakwa, hakuna aliyejua nani ni nani, na mama mmoja alimbembeleza kanga mpaka saa sita mchana, akishangaa mwanawe amepata lini mabawa. Twiga alipopanga foleni aliambiwa, "Wewe nenda nyumbani, umekwisha pakwa."

Surua akaja. Akatazama. Akainama, akamlamba mtoto wa nyani shavuni.

"Masizi!" akasema. "Na mmezidisha chumvi."

Akacheka, na huku akicheka akakumbatia, na huku akikumbatia akachoka. Alipofika nyumba ya mwisho, nyumba ya Mama Ngiri, mikono yake ilikuwa imejaa. Akachungulia dirishani.

"Kipute," akasema, "mwezi wa tatu kuanzia leo ukiandama, nitakurudia."

Mama Ngiri akasimamisha mkia wima, akakimbia mpaka kwa Bibi Kalunguyeye. Huyo alikuwa mkunga wa kijiji, mdogo kama embe, mwenye miiba mgongoni. Aliwazalisha wote, na hakuna aliyewahi kumkumbatia kumshukuru.

"Bibi, nisaidie. Kima amemaliza akili."

"Zilikuwa chache," alisema Bibi Kalunguyeye. "Sikiliza, mwanangu. Surua alipolala ameshiba, nilichomoa uzi mmoja wa shuka lake. Nimeuosha mtoni, nimeuosha tena, mpaka nguvu zimeisha, imebaki sura ya Surua tu. Nitauloweka, nichovye mwiba wangu katika maji yake, nimchome Kipute kidogo. Ndani ya mwili wa mtoto mna askari. Wana rungu, wana nguvu, ila hawamjui Surua. Akija, wao humsogezea kiti! Mwiba utawaonyesha sura yake."

"Na mchomo mmoja unatosha?"

"Wa kwanza hufundisha, wa pili hukumbusha. Rudi nitakapokuita."

Kima akasikia kutoka mkuyuni. "Ha! Mtoto akikimbizwa na simba, unamkabidhi kwa chui! Mama Ngiri, utamtoboa mwanao kama kichujio!"

Mama Ngiri akageuka. Akamtazama Kipute. Akakitazama kitanda kidogo kilichobaki kitupu.

"Shemeji Kima," akasema, "wewe una watoto wangapi?"

"Sina."

"Basi kula matunda." Akamshika Kipute sikio. "Bibi, choma."

"Nakufa!" alilia Kipute.

"Bado sijakugusa," alisema Bibi Kalunguyeye.

"Nakufa mapema!"

Akachomwa. Jioni akapata homa kidogo, asubuhi akala uji, akala na kijiko. Wanyama walipomwona mzima, wakapanga foleni. Bibi akampa kila mama jani, akaling'ata mara moja, alama ya mchomo wa kwanza. Mbuzi akala lake, ikabidi apewe jingine. Siku ya mchomo wa pili wote wakarudi, hata Mbuzi, jani likiwa limefungwa shingoni asilifikie.

Na huko ndani ya Kipute, askari waliamka. "Afande, huyu ni nani?" "Vidole sita, shuka jekundu. Mshikeni sura!" Wakasoma polepole, siku baada ya siku, mpaka wakajua.

Mwezi wa tatu ukaandama. Surua akaja, akaanzia nyumba ya mwisho.

"Hodi!"

"Karibu!" alisema Mama Ngiri.

Surua akaingia. Akamkumbatia Kipute. Mama Ngiri akafumba macho.

"Vidole sita!" walipiga kelele askari. "Ndiye! Ndiye! Mkong'oteni!"

Rungu juu, rungu chini, rungu kwa zamu. Kipute akapiga chafya moja, na Surua akarushwa nje, akatua matopeni kichwa chini.

Akaenda kwa swala, akatupwa. Akaenda kwa nyani, akatupwa. Akaenda kwa pundamilia, akatupwa na kupigwa teke juu yake. Alipofika kwa Mzee Kiboko, ambaye mkewe alikuwa na kichanga cha siku kumi, mdogo mno kuchomwa, Surua hakuwa na pumzi hata ya kupiga hodi.

"Sema basi!" alisema Kiboko, akitoka jasho. "Nakusubiri nikukaribishe!"

Surua akafungua mdomo. Hodi haikutoka. Kichanga kikaendelea kunyonya.

Kima alipoiona aibu hiyo ya Surua, akashuka mkuyuni kumcheka karibu. Akacheka pua kwa pua. Surua akampumulia mara moja, akajivuta kurudi ng'ambo ya kilima. Baada ya siku kumi na moja Kima akawa mwekundu mbele na nyuma, hasa nyuma, asiweze kukaa wala kulala. Mama Ngiri alimwekea uji chini ya mkuyu, watoto wote wakazuiwa kusogea.

"Bibi Kalunguyeye," aliguna Kima, "mwiba umebaki?"

"Upo, lakini somo hilo sasa unalisomea motoni. Pona kwanza."

Akapona, amekonda kama fimbo.

Na Mama Ngiri? Kila asubuhi alihesabu watoto wake. Mmoja. Akahesabu tena. Mmoja. Akahesabu hivyo mpaka mmoja huyo akaota meno marefu, akaoa, akamwambia, "Mama, sasa basi."

Naye akaendelea kuhesabu.

Wenzangu, hadithi inatufunza hivi: ugonjwa hauogopi masizi wala mlango uliofungwa, huogopa mwili uliokwisha kuujua. Mpeleke mtoto achanjwe, umrudishe kwa mchomo wa pili, na aliye mdogo mno kuchanjwa atalindwa na waliochanjwa.

Nilipoikuta hadithi nimeiacha, kunjueni miguu, mwenye nyingine aje aketi hapa.