Kasha la Viatu

Mnataka mfano tena, kana kwamba ule wa juzi mliufanyia kazi. Haya, nausema huu, na mwenye usingizi aende kwake.

Mtu mmoja, Semboja, alikuwa na kasha la karatasi kuukuu alilorithi kwa mamake. Mama yule hakujua kusoma hata jina lake, lakini kila kiangazi alizitoa karatasi zile, akazikung'uta mende, akazirudisha na majani ya mwarobaini. Mojawapo ilikuwa na muhuri wa serikali ya zamani, nayo ilisema kiwanja cha nyuma ya nyumba ni makaburi ya ukoo, kisiguswe. Mama alipokufa, akazikwa hapo.

Semboja alikuwa amesoma, basi akajiona ana akili. Alitaka kasha aweke viatu vyake. Karatasi akampelekea Mwanaidi, muuza karanga, azifungie biashara yake, akapewa kikombe cha karanga. Akazitafuna njia nzima.

Siku si nyingi wakaja wapimaji na vigingi vyekundu. Barabara inapita hapa, wakasema. Hawakuona makaburi, waliona mawe na nyasi. Kama ni makaburi, alete karatasi, barabara itakwepa. Kama hana, greda linakuja Ijumaa. Mwenye mtu wake amtoe mwenyewe.

Semboja alikimbia kwa Mwanaidi, akanunua kila kifuko cha karanga kilichokuwa kwenye sinia, akazimwaga chini, akakunjua karatasi moja moja. Watu wakacheka, wakaulizana ana njaa ya mwaka gani. Akapata nusu ya muhuri. Nusu tu.

"Nyingine iko wapi?"

"Shemeji, watu hula karanga, karatasi wanatupa. Si wewe uliyeniambia ni takataka?"

Akaifuata njia akiinama kwenye kila kijikaratasi. Alimkaba mbuzi mmoja, akampanua mdomo, alikuta majani. Usiku hakulala. Kila upepo ulipovuma, alisikia greda.

Ijumaa likavuma kweli, tangu ng'ambo ya mto. Ndipo Semboja akalipa: alichukua jembe, akamfukua mamake kwa mikono yake mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumbebea, alivitoa viatu katika lile kasha, akamlaza humo, mfupa kwa mfupa.